Prosper Keraryo, Fundi Aliyeipunguzia Bunduki Uzito

Tarehe 30 Juni mwaka huu Ndugu Prosper Keraryo anastaafu baada ya kukitumikia kikosi chetu cha wanyamapori kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika karakana ya silaha hapa Bunda. Mara mbili aliombwa ahamie ofisi ya kanda, Musoma, akakalie kiti. Mara zote mbili alikataa, na mara ya pili alikataa kwa sauti iliyosikika getini. Kwa hiyo anayetarajia kusoma habari za mzee mpole aliyejifanyia kazi zake pembeni, afunge jarida hili sasa.

Alizaliwa Butiama katika familia ya wafugaji, akajifunza kuchonga vyuma Buhemba kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza pampu za migodini. Alipofika kwetu alipewa kazi ya kusafisha mitutu na kubadilisha springi. Aliifanya vizuri, na aliichukia. Alikuwa akisema waziwazi kwamba kusafisha ni kazi ya mwenye bunduki, kazi ya fundi ni kuifanya bunduki iwe bora kuliko ilivyokuja.

Hapo ndipo ilipoanza hadithi ya vibanio. Darubini haikai juu ya bunduki kwa maombi. Inashikwa na vibanio, vyuma vinavyoikumbatia mbele na nyuma. Vyetu vilikuja na bunduki zenyewe, chuma kitupu, vizito kama makufuli ya duka la jumla. Ukivishika mezani huoni tatizo. Lakini bunduki yetu ya sindano za usingizi, ile inayomlaza tembo ili daktari amtibu au amhamishe, hubebwa porini kutwa nzima, kisha huinuliwa na mkono uliokwisha kuchoka. Uzito ulioko juu kabisa ndio unaouyumbisha mkono huo.

Aliyelalamika kwanza ni Afande Anastazia, mlengaji wetu wa sindano. Alirudi doria siku moja, akaiweka bunduki mbele ya Keraryo na kumwambia: "Fundi, hii kitu inanilaliaga upande kama mlevi. Itafutie dawa."

Dawa ilimchukua miezi. Alichonga vibanio vipya vya aluminiamu, akaacha unene pale panapobana, akatoboa na kuondoa kila sehemu isiyofanya kazi, akaondoa na skrubu ndefu zisizo na maana, akaweka fupi. Uzito ukapungua zaidi ya nusu. Alivijaribu kwenye uwanja wa shabaha, na sindano zikaingia pale pale. Kuanzia hapo hakuna aliyepita salama kwenye korido. Alikuwa akikuwekea kibanio cha zamani mkono huu na kipya mkono ule, na hukuachiwa mpaka ukiri tofauti. Jeska wa uhasibu aliwahi kukuta benki imefungwa kwa sababu hiyo.

Wapo waliomkebehi. Tunao ugonjwa katika nchi hii, na haufai kufunikwa kwa adabu ya sherehe: kitu kikitoka ndani ya boksi lenye maandishi ya kigeni kinaheshimiwa kama msahafu, na fundi wetu akikigusa kwa tupa anaitwa mharibifu. Walewale wasiowahi kubeba bunduki hata kuvuka barabara walihubiri kwamba kizito ndicho imara. Walikuwa wakisubiri akosee.

Na akakosea. Tembo dume aliingia mashamba ya pamba pembezoni mwa Bunda, Anastazia akalenga, sindano ikapita juu ya mgongo. Ya pili ikapita palepale. Tembo alikanyaga mashamba ya watu mpaka jua likawa kali, na ni bahati tu hakuna aliyeumia. Darubini ilikutwa imehama. Kikao kikaitishwa Musoma, na pendekezo likawekwa mezani: vibanio vya zamani virudishwe, na karakana ya Bunda isiguse tena bunduki za sindano. Keraryo alipewa hadi mwisho wa mwezi ajieleze. Akishindwa, arudi kusafisha mitutu, na Anastazia arudi kubeba kufuli.

Jibu lake la kwanza halikuwa la kishujaa. Alimwambia Anastazia kwamba alifumba jicho lisilotakiwa. Anastazia hakumwachia: "Mzee, mimi nalengaga tembo, wewe unalengaga karatasi. Umewahi kutembea na hii bunduki hata siku moja?"

Hakuwahi. Asubuhi iliyofuata alivaa buti na kuingia porini na doria. Kwenye korongo la kwanza alimwona askari Mayala, mbebaji wa bunduki hiyo, akiinyanyua kwa kuikamata darubini katikati na kuvuka huku inaning'inia.

"Mayala! Hiyo ni darubini au ndoo?"

"Sasa fundi, nishike wapi? Siku zote tulikuwaga tunashika hapohapo. Lile chuma la zamani halikuwaga na maringo."

Kumbe kikosi kizima kilibeba hivyo, miaka yote. Chuma kizito kilivumilia tabia mbaya, na sisi tukauita uvumilivu huo ubora. Kibanio chepesi kilitengenezwa kwa kazi ya kushika darubini, hakikutengenezwa kiwe mkono wa kubebea.

Keraryo alirudi akitaka kila askari akatazwe kushika darubini. Fundi mwenzake, Hasna, ambaye baba yake anashona viatu sokoni Bunda, alimwambia askari wana mikono na mikono itashika kitu tu. Akapendekeza mkanda wa ngozi ya ng'ombe, ufungwe kwenye bunduki yenyewe, mbali na darubini. "Bunduki siyo mkoba wa sokoni," Keraryo akamjibu. Kesho yake alifika kazini na ngozi na mkasi.

Siku ya kikao cha kujieleza, bunduki ilipelekwa uwanja wa shabaha baada ya kutembezwa porini kutwa, ikiwa na vibanio vyepesi na mkanda, na Mayala ndiye aliyeibeba. Anastazia akalenga, sindano zikakaa pamoja. Pendekezo likaondolewa mezani. Tangu siku hiyo karakana ina kanuni moja: ukitaka kupunguza uzito wa kitu, kwanza kibebe doria nzima. Keraryo aliitunga kanuni hiyo kwa aibu yake mwenyewe, na akaifuata kuliko yeyote.

Aliposema anaondoka, maneno ya kununua vibanio vya boksi yakaanza upya, na kwa wiki kadhaa tulikuwa na wasiwasi. Mwezi Mei Hasna akachonga kibanio chake, chepesi kuliko vyote vya mzee. Keraryo alikitazama akatangaza kwamba kimekondeshwa mno.

"Kibebe kwanza, baba, ndipo useme," Hasna akamwambia.

Alikibeba. Alirudi jioni, akaomba bunduki ijaribiwe mbele ya Mkuu wa Kikosi, na ilipolenga sawasawa akasema kinafaa, kisha akaongeza kwamba hata yeye angekifikia kama asingestaafishwa mapema. Mkuu akaamua palepale: meza ya mzee karakanani sasa ni ya Hasna, na vibanio vya Bunda vitachongwa Bunda.

Fundi Keraryo, asante kwa mabega ya askari uliyoyaokoa na kwa kelele zote ulizopiga kwa ajili yetu. Nenda Butiama kwa mkeo, Mama Miriamu, na kwa ng'ombe wako. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na majirani wanaojua kubishana. Meza uliyoipigania haikufungwa, na siku ya Jumanne Hasna anaanza kuchonga vibanio vya bunduki ya pili ya sindano.