Ndoo ya Chokaa

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha shughuli zako ukaja kukaa juani pamoja nasi. Mwenyekiti wa klabu yetu. Mwalimu Mkuu, uliyetuazima viti, meza, kitambaa cha meza na hiki kipaza sauti kinachokohoa kuliko mimi. Ndugu zetu wa timu ya ng'ambo ya mto, ambao kama kawaida yenu mmekuja wengi kuliko mlivyoalikwa. Wachezaji wa zamani na wa sasa. Mama zetu, dada zetu na wake zetu mliotufulia jezi bila kuwahi kuulizwa kama mnapenda mpira. Na ninyi mlioko juu ya ukuta, shukeni, ule ukuta haujakauka. Hamjambo nyote?

Nimepewa dakika kumi na tano. Mwenyekiti kaniagiza nisimulie historia ya klabu yetu inayotimiza miaka arobaini leo, kisha niage, maana naachia ukatibu nilioushika kwa miaka ishirini na saba, kisha nikae ili mechi ianze. Nimeandika karatasi nne. Lakini mniwie radhi mkiniona natupa macho uwanjani badala ya kuwatazama ninyi. Yule bwana mwenye ndoo, anayechora mistari, amekwisha kumaliza upande wa barabarani na sasa yuko kwenye duara la kati. Akifika kona ya mtoni atakuwa amemaliza, ataosha ndoo yake na kwenda zake, kama afanyavyo kila Jumamosi, na mimi nitastaafu na jambo langu tumboni. Kwa hiyo nitasema haraka. Spika zimeelekea kwake, najua ananisikia.

Klabu hii ilianza na watu kumi na mmoja na mpira mmoja, na mwenye afya alikuwa mpira. Hapa mlipokaa watu walikuwa wakifyatua matofali. Wazee wetu walifukia mashimo kwa wiki saba, wakasahau moja, na winga wetu wa kwanza ndiye aliyelikumbuka. Nahodha wa kwanza alikuwa fundi cherehani, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyeshona jezi, kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, na kila mteja aliyekuja kutazama mechi aliiona suruali yake mgongoni mwa mtu. Ugomvi uliofuata mnaujua, sina haja ya kuurudia.

Mechi ya kwanza niliyoiandika mimi nikiwa katibu tulifungwa tisa bila. Daftari hili hapa, ukurasa wa kwanza wa mwandiko wangu. Nimeandika nini? "Timu yetu ilipata uzoefu mkubwa." Mwenyekiti wa wakati ule alisoma, akacheka mpaka akafuta machozi, akaniambia, "Katibu, wewe una kalamu laini." Nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Naomba mlishike neno hilo, kalamu laini, tutakutana nalo mbele.

Ameng'oa kigingi cha duara. Anahamia upande wa chini.

Sasa nizungumzie ile kanuni yetu ambayo wageni hutucheka nayo. Katika mwaka wa pili wa klabu, kijana wetu mmoja alikosa penalti hapahapa, na watu wakaingia uwanjani kumpiga. Fundi cherehani alisimama mbele yake akasema, "Asipigwe. Mpeni ndoo." Ikawa ndiyo kanuni, nayo nitaisoma kama ilivyo: "Aliyekosa penalti atachora mistari ya uwanja kila Jumamosi mpaka mwingine akose. Na akishaishika ndoo, asisemwe." Mnaona hekima yake? Haikuwa adhabu. Ilikuwa njia ya kumwokoa mtu na midomo yetu. Na ndoo haikukaa. Leo iko kwa huyu, mwezi ujao iko kwa yule, na aliyekaa nayo sana alikaa miezi minne, akaanza hata kuipenda.

Mpaka ikaja fainali ya kombe, miaka kumi na tisa iliyopita. Dakika ya mwisho, tukiwa tumefungana moja kwa moja, tukapata penalti. Aliyepiga alikuwa winga wetu wa kushoto, fundi mwashi kwa kazi yake, na kwa jina la uwanjani alikuwa Upepo. Vijana mmeshtuka. Nani huyo Upepo? Ndiye huyo mwenye ndoo, mnayemwita Chokaa. Mpira uligonga mwamba, ukarudi, na kombe likavuka mto likaenda kwa hawa ndugu zetu, ambao nawaona wanapeana mikono. Jumamosi iliyofuata hakungoja kuitwa. Tulimkuta uwanjani asubuhi, kamba imeshavutwa.

Mtauliza, kwa nini mwingine asikose? Kwa sababu tuliingiwa na woga. Baada ya fainali ile kila penalti tulimwachia Nyundo, muuza nyama wetu, ambaye hakujua kupiga pembeni wala kupiga polepole, alijua kupiga tu, na makipa walikuwa wanampisha. Nyundo hajakosa hata moja mpaka leo. Tulimshangilia, na kila aliposhangiliwa mtu mmoja alikuwa akirudi kuvuta kamba.

Mwalimu wa timu ya wageni, unatabasamu. Nimekuona tangu ulipokaa. Najua unachokikumbuka, na leo nitakisema mwenyewe ili usiendelee kunitunzia.

Miaka kumi na sita iliyopita tulicheza na timu yenu hapa, mechi ya kirafiki, mawingu yamejaa. Nyundo hakuwepo, mkewe alikuwa amejifungua. Upepo naye alikuwa amekwisha kuchora mistari na kwenda kazini, anamalizia kuta za zahanati. Tukapata penalti. Nahodha nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na kitambi kimeanza, nikauweka mpira chini, nikarudi hatua tano, nikapiga. Kipa wao, huyu anayetabasamu, aliudaka kama mtu anayepokea mtoto. Dakika sita baadaye mvua ikamwagika, refa akaivunja mechi, tukakimbilia barazani kwenye darasa la kwanza. Pale barazani, tukiwa tumelowa, kipa wetu akaniuliza taratibu, "Katibu, mechi si imefutwa?" Nikasema imefutwa. Akasema, "Basi hata penalti imefutwa." Watu kumi wakaafiki kwa vichwa. Nilikuwa katibu, nilikuwa nahodha, nilikuwa karani wa ghala la mazao, ningeonekanaje na ndoo? Nikachukua daftari. Ukurasa huu hapa, mheshimiwa mgeni rasmi, soma mwenyewe: "Mechi ilivunjika kwa mvua kabla penalti haijapigwa."

Kabla haijapigwa! Kalamu laini ile.

Ninyi mliokuwa barazani msiangalie chini. Mnanyamaza mwaka wa kumi na sita sasa, na mimi ndiye niliyewafundisha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kanuni nilikuwa naisoma kila mkutano kwa sauti kubwa, nikiwa nimesimama.

Tena lingeishia hapo lingekuwa jambo dogo. Wiki mbili baada ya mvua ile walikuja watu waliokuwa wanajenga bwawa, wakitafuta mafundi waashi. Mkataba wa miaka miwili, safari ya siku mbili kutoka hapa. Upepo alichaguliwa wa kwanza. Akaja ghalani kwangu, mimi nimekaa nyuma ya mizani, yeye amesimama, kofia mkononi, simenti bado iko kwenye kucha. Akaniambia, "Katibu, kazi ni miaka miwili. Ndoo nimwachie nani?"

Mungu wangu. Mtu ananiuliza mimi.

Nikamjibu, "Kanuni inasemaje?" Akaikariri mwenyewe, neno kwa neno, mpaka mwingine akose. Nikasema, "Basi." Akavaa kofia, akashukuru, akaondoka. Naapa alishukuru. Katika nafasi yake akaenda mwenzake, aliyekuwa akimchanganyia udongo, na huyo leo ni msimamizi wa mafundi mia mbili. Upepo akabaki anaziba nyufa za madarasa yetu, na kila Jumamosi akaja hapa. Akimaliza anaondoka. Kwa miaka kumi na tisa hajakaa kutazama mechi hata moja kwenye uwanja ambao hakuna mwingine anayeujua kwa kiganja kama yeye. Na jina lake tukalimeza. Wanawe wanaitwa watoto wa Chokaa.

Yuko kwenye boksi la chini. Amesimama. Hapana, anaendelea.

Mwezi uliopita mkewe alikuja kuchukua jezi za kufua. Akazihesabu, akazifunga, akafika mlangoni, akageuka. "Shemeji," akasema, "nimekuwa nikitaka kukuuliza. Ile adhabu ya baba watoto ina mwisho?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi. Nilimjibu kuwa tutaliangalia kwenye kikao. Tangu siku hiyo kila nikishika kalamu naiona kofia ile. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nimezeeka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kazi yangu ya mwisho nikiwa katibu nimeifanya leo asubuhi. Ule mstari nimeukata kwa kalamu nyekundu, na chini yake nimeandika: "Penalti ilipigwa na nahodha. Alikosa." Nimeweka saini na tarehe ya leo. Maana yake mnaielewa. Ndoo ile ilikuwa yangu tangu siku ya mvua, na Upepo amenibebea kwa miaka kumi na sita kitu ambacho hata hakujua ni cha nani.

Upepo, ndugu yangu, unanisikia. Bwawa lile siwezi kukurudishia, lilishajaa maji. Sitakuomba msamaha kwenye kipaza sauti, maana nikikuomba hapa hawa watapiga makofi nawe utaona haya kunikatalia. Nitakuja kwako kesho, na ukinifungia mlango nitajua ni haki yako. Leo nakuomba kitu kimoja tu. Iweke chini.

Ameiweka. Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba tusipige makofi. Jamani, nimesema tusipige makofi.

Ameichukua tena. Anakuja nayo. Wapisheni hapo katikati, ninyi wa viti vya mbele, angalieni nguo zenu. Mwalimu Mkuu, samahani kwa kitambaa chako.

Wa nyuma ambao hamwoni, niwaambie. Ameiweka ndoo mezani, juu ya karatasi zangu. Amevuta kiti changu, kile chenye jina la Katibu, amekaa, amekunja mguu, anatazama uwanja. Na hajasema amenisamehe, msije mkasema kwamba amesema. Alichoniambia, nami nakirudia kama kilivyo ili katibu mpya akiandike bila kukilainisha, ni hiki: "Kona ya mtoni bado. Vuta kamba kwanza, usikadirie kwa macho."

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti, ndugu wageni, wachezaji: refa yuko tayari, na mechi haiwezi kuanza uwanja ukiwa na kona tatu. Mwenyekiti, nishikie koti. Nawashukuru kwa miaka ishirini na saba, na asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nipisheni nipite na ndoo yangu.