Mama Usingizi wa Gerezani

Ndugu waombolezaji, dada yetu Clotilda Mchopa alizaliwa Masasi tarehe 14 Agosti 1969, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 1988, akaingia chuo cha uuguzi, na mwaka 1998 akahitimu mafunzo ya dawa za usingizi na kupangiwa hospitali ya hapa Gerezani, ambako wauza vitenge wa Kariakoo walimbatiza Mama Usingizi, naye akaitika, ingawa mnajua wenyewe nyumbani kwake hakuacha mtu alale.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Onesphory tarehe 6 Mei 2000, wakajaliwa binti mmoja, Selina, baada ya mimba mbili kuharibika, na aliposafishwa kizazi mara ya pili alichomwa dawa ya usingizi iitwayo ketamini, akazinduka akipiga kelele, akiona kuta zinamwangukia, na hofu ile haikumtoka.

Ndiyo maana alishangilia dawa nyingine ya usingizi, propofoli, ilipoletwa, kwa kuwa wagonjwa walizinduka watulivu na kurudi kwao siku hiyo hiyo, akaisema vibaya ketamini kila kikao, hadi mwaka 2014, pumzi ya mama mmoja ilipokatika kwenye meza ya upasuaji kwa dozi ya hiyo propofoli aliyoiamini mno, akampulizia hewa kwa mfuko wa kupumulia hadi akarudi, kisha akatoka nje akalia. Tangu hapo alichanganya zote mbili kidogo kidogo, akimpimia kila mwanamke kwa hali yake, na wanafunzi aliwaambia, "Usiipende dawa kuliko mgonjwa."

Januari 2024 aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi. Siku ya kuingizwa chumba cha upasuaji kwa vipimo vya kujua imeenea kiasi gani alitetemeka, sisi tukidhani anaogopa majibu, kumbe aliogopa kuzinduka. Mwanafunzi wake Paskalina, aliyekuwa zamu, alimwomba achague dawa mwenyewe, naye akajibu, "Chagua wewe, mwanangu, leo mimi ni mgonjwa." Alipofumbua macho hakupiga kelele, alimshika Paskalina mkono, akasema taratibu, "Kumbe ndivyo wagonjwa wangu walivyokuwa wanajisikia," na sisi tuliosimama mlangoni tulilia kwa furaha.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 2025, Selina akiwa pembeni yake. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, majirani, na akina mama wa sokoni waliofunga vibanda leo.

Dada, pumzika kwa amani, hapa hakuna wa kukuharakisha, atakayekuamsha ni Bwana mwenyewe.