Shangazi wa Tangi la Gesi: Miaka Thelathini na Mmoja

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi wa sita, mhudumu wetu wa mtambo wa gesi, ambaye hapa shambani hana jina lingine ila Shangazi, atavua buti zake za mpira na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Anaondoka na afya njema, utani wake wote, na faili safi isipokuwa karatasi moja. Nimeombwa niandike mazuri yake kwenye ratiba hii ya sherehe ya kumuaga, nami nitayaandika, lakini hiyo karatasi nayo nitaifikia.

Alianza kama mfagiaji wa mazizi, enzi ambazo samadi ilikuwa kero tu, inalundikwa nyuma ya banda na kuleta nzi. Tangi la kugeuza samadi kuwa gesi lilipojengwa, mafundi walitafuta mtu wa kulilisha kila asubuhi, ndoo ya samadi kwa ndoo ya maji, na watu wote wakatazama pembeni. Shangazi akanyoosha mkono. Tangu hapo maji ya kuoshea mirija ya kukamulia yanachemka kwa gesi yake, na jenereta ya chumba cha kupozea maziwa inanguruma kwa gesi hiyo hiyo. Dizeli tuliiaga.

Wageni waliomkuta asubuhi walidhani amelala. Akishalisha tangi, aligeuza ndoo, akaikalia, akaegemeza mgongo ukutani mwa tangi na kufumba macho. Mvuke unapanda mazizini, ng'ombe wanacheua, naye katulia tuli. Alidai mgongo wake unalijua joto la tangi kuliko kipimajoto, na kweli, kipimajoto kilipokwama wiki mbili, yeye ndiye aliyetuambia tangi limepoa. Kuhusu gesi yenyewe, alikuwa na maelezo yake. Jua hulala kwenye majani, majani yakalala tumboni mwa ng'ombe, kisha sisi tunaliamsha polepole lituchemshie maji. Mkuu wa wakamuaji alimwambia huko ni kuota mchana. Alikubali, akasema usiku ana kazi ya kukoroma.

Mumewe, fundi cherehani, humshonea aproni mbili kila mwaka, na huwaambia wateja kwamba ana mume mwenza, mnene, wa matofali, anayekula ndoo arobaini kwa siku. Kwenye basi, abiria wakianza kufungua madirisha kwa harufu ya samadi, Shangazi huwauliza kwa upole kama walidhani maziwa ya chai yao hushuka kutoka mbinguni.

Sasa ile karatasi.

Miaka kumi na minane iliyopita tangi liliugua. Ng'ombe wanne walikuwa wamechomwa sindano za antibiotiki kwa ugonjwa wa kiwele. Samadi ya ng'ombe wa namna hiyo haiingii tangini, maana dawa inayoua vijidudu vya ugonjwa huua pia vile vinavyotengeneza gesi. Daktari wa mifugo huchora alama ya chaki kwenye geti la zizi lao, na samadi yao hupelekwa kwenye lundo la mbali. Safari hiyo matoroli mawili yaliingia tangini. Baada ya siku tano moto wa bluu ukawa wa njano, kisha ukazimika.

Meneja aliitisha kikao. Tangi lingefungwa, na mfagiaji wa mazizi, mwenye miezi mitatu kazini na mke mjamzito, angefukuzwa. Mfagiaji huyo ndiye mimi. Nilijitetea kwamba mvua iliifuta chaki. Kabla meneja hajajibu, Shangazi alisimama.

"Kuuliza toroli limetoka wapi ni kazi yangu," alisema. "Nilikuwa nimefumba macho, sikuuliza. Mwacheni mtoto wa watu. Tangi nipeni siku arobaini."

Alipewa siku arobaini, na barua ya onyo juu yake. Barua hiyo ndiyo iliyomkosesha usimamizi wa mtambo. Nafasi ilipotoka mwaka uliofuata alipewa mtu wa nje, na Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi.

Aliomba mapipa sita ya tope lenye vijidudu hai kutoka tangi la shamba jirani, akayamimina, kisha akalisha nusu ndoo kwa siku, kama anayemnywesha mgonjwa uji. Alishinda pale kiganja kikiwa ukutani, akiimba chinichini nyimbo zisizo na maneno. Tulidhani amechanganyikiwa. Siku ya thelathini na nne aliwasha kiberiti, moto ukashika, mdogo, wa bluu. Mkuu wa wakamuaji alifuta macho, akasingizia moshi, na gesi ile haina moshi.

Toka siku hiyo moto haujazimika, na Shangazi amefundisha watu kumi na wawili, wengine sasa wanahudumia matangi yao wenyewe. Wote wanaungana nasi kumshukuru, na kumwombea yeye na fundi wake maisha marefu yenye heri.

Yangu mimi ni haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Shangazi, mvua ile ilinyesha alasiri, na mimi nilisukuma matoroli asubuhi. Chaki niliiona. Lundo lilikuwa mbali, nami nilitaka kuwahi chai. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile anamaliza shule mwaka huu, na kila siku ya kazi iliyomsomesha niliipata kwa barua iliyopaswa kuandikwa kwa jina langu. Nimekaa na wewe miaka yote hiyo nikashindwa kukwambia, na naona aibu.

Kuanzia Jumatatu mimi ndiye niliyepangwa kushika nafasi yako. Ikiwa baada ya haya atapewa mwingine, sitalalamika. Namwomba meneja, mbele ya wote watakaosoma ratiba hii, aitoe barua ile kwenye faili la Shangazi kabla ya Ijumaa, aiweke kwenye langu.