Mwenyeji Aliyeshika Dele

Tarehe 30 Juni 2008, baada ya utumishi wa miaka kumi na saba, Bwana Thani bin Musallam anastaafu ujumbe wa baraza letu la wilaya hapa Al Amerat, Oman. Ofisi itakuwa na utulivu mkubwa, na sisi hatuutaki.

Alichaguliwa mwaka 1991 kuwasemea watu wa milimani, ambao ndio waliomzaa. Sisi wenzake wengi tumezaliwa Unguja, na siku za mwanzo tulikuwa tukimteta kwa Kiswahili mbele yake bila ya wasiwasi. Haukupita mwaka, akaanza kutujibu. Kiswahili chenyewe alikiokota kwetu, kwa hiyo kilikuwa na utani mwingi kuliko sarufi. Neno alilolipenda kuliko yote ni "mwenyeji", kwa kuwa lina maana mbili: mwenye asili ya mahali, na anayepokea wageni. Yeye alizichukua zote mbili. Dele la kahawa hakumwachia mtumishi hata siku moja. "Mie mwenyeji," alikuwa akisema, "nnamimina mwenyewe."

Mwaka 1997 kijiji chake, Sidra, kilikaribia kuhamishwa. Ilionekana hakuna haja ya kuchonga barabara kwa ajili ya nyumba chache. Bora wote washushwe kwenye makaazi mapya. Vijana walitaka. Wazee, akiwemo mama yake, Bi Bakhita, walisema hawatoki. Bwana Thani hakuzipinga nyumba mpya. Alichokipigania ni kila mtu achague mwenyewe, na bila ya barabara, nani atachagua kubaki mahali ambapo mgonjwa hubebwa mgongoni mpaka bondeni?

Mhandisi Marwan, ambaye alikuwa ndio kwanza amewasili kutoka Unguja, alipanda kukitazama kijiji mara moja, ashuke, atie saini kihamishwe. Akakaribishwa kahawa. Akamaliza finjani, akaongezwa. Akamaliza, akaongezwa. Masikini, hakujua kwamba huku mgeni aliyetosheka huitikisa finjani yake. Bwana Thani alilijua vizuri tatizo la mgeni wake, na akaendelea kumimina. Wanakijiji nao wakawa wanaingia mmoja mmoja, kila mtu na lake. Wa mwisho alikuwa Bi Bakhita. Alimweleza habari za bintiye, dada wa Bwana Thani, aliyefia njiani akipelekwa kujifungua. Marwan akaiweka finjani chini, na safari hii hakuongezwa.

Miaka yote ile barazani, Bwana Thani hakuwahi kututajia msiba huo. Tuliusikia kwa Marwan, na ulituuma.

Marwan alipendekeza barabara kwanza, kuhama baadaye, tena kwa hiari. Barabara ilifika Sidra mwaka 2001. Wengine walishuka. Bi Bakhita yupo kule kule, na siku hizi daktari humfuata kwa gari, akaambulia kugombezwa kwa kuchelewa.

Marwan mpaka leo anadai alitekwa nyara kwa kahawa. Kinyongo hana, maana leo yeye ndiye atakayeshika dele.

Bwana Thani, ahsante kwa yote. Mungu akupe afya, umri na raha ya kukaa na walio wako. Leo wewe ndiye mgeni wetu, na tunakuomba jambo moja tu: usiharakishe kuitikisa finjani.