Maili Elfu Sitini za Bwana Toliva

Benchi la Nereah lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, na mtu aliyekaa upande wa matofali ndiye aliyetumwa kuongeza makaa kwenye jiko la kahawa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya pale kwenye kituo cha basi cha Kawangware 46, na haikuandikwa popote. Lakini Jumamosi hiyo ya Julai, mwaka wa themanini na nane, baridi ikiwa imebana mpaka mbwa wamejikunja kama mandazi, Wangila alikaa upande wa matofali na hakuna aliyemtuma. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, siku ambayo si ya kanisa. Mguu wake wa kulia ulicheza wenyewe. Alikuwa mpishi wa Mmarekani mmoja kule Lavington, tena mzee wa kanisa, na mtaa mzima ulimwita Baba Sella, kwa jina la binti yake wa pekee aliyekwenda Uingereza kusomea uuguzi miaka sita iliyopita. Mkononi alishika barua aliyopewa na mwajiri wake, na barua yenyewe ilikuwa imeanza kulegea kwa jasho.

— Soma tena, akasema Obiero. Lakini polepole, Baba Sella. Hii ni kitu ya ndege, haitaki pupa.

Obiero walimwita Rubani. Aliwahi kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Embakasi miezi minane, na tangu hapo hakuna jambo la angani lililomshinda. Kiti cha ndege hajawahi kukikalia. Tumboni mwa ndege, pale pa masanduku, ameingia mara nyingi.

— Si kusoma, nitawaambia tu, akasema Wangila. Bwana Toliva akipanda ndege ya kwao Amerika, kampuni inamwandikia maili alizosafiri. Zimekuwa nyingi, zimefika elfu sitini. Zikifika hapo anapewa kiti cha bure. Sasa amesema hicho kiti nipewe mimi, niende London nimwone Sella.

— Na hiyo ndege ya Amerika inatua wapi hapa? Mimi sijawahi kuiona Embakasi.

— Haiji. Ndiyo maana nitapanda ya kampuni nyingine, ya Ulaya. Ni marafiki. Wamekubaliana. Kiti wamekishika mpaka leo saa sita na nusu, wakifunga ofisi pale tao, mjini kati. Niende niweke sahihi, wanipe tiketi. Nisipoenda, anapewa mwingine.

Khamala, aliyekuwa akipuliza kikombe chake, akakiweka chini.

— Umesema maili?

— Maili.

— Baba Sella, maili zilikufa. Mimi mwenyewe nilizika.

Huyu naye walimwita Kilomita. Alifanya kazi ya barabara serikali ilipobadilisha vipimo, na hakuchoka kuisimulia.

— Tulikuwa genge la watu kumi na wawili. Tukang'oa mawe ya maili kutoka Limuru mpaka Naivasha, moja moja, na mtaimbo. Tukaweka ya kilomita. Sasa huyu mzungu anakupa kitu serikali imeshatupa? Kwa nini asikupe kilomita? Elfu sitini za maili zingekuwa karibu kilomita laki moja! Amekupunja, bwana, na wewe unasema asante.

— Na kwenu huko mbona mnasema Maili Tisa? Rubani akamchokoza.

— Hiyo ni jina ya soko. Soko halipimwi.

— Wacha niwaambie nyinyi watu wa lami, akasema Rubani. Maili ya juu si kama ya chini. Ya chini ina kona, ya juu imenyooka kama kamba ya nguo. Shida iko hapa: hiyo ndege ya rafiki, je, inatumia maili ile ile? Pengine maili ya Ulaya ni ndefu kuliko ya Amerika. Uko zako juu ya jangwa la Libya, unakula kuku, msichana anakuja na karatasi: "Mzee, pole, yako imeishia hapa."

— Wanishushe wapi sasa? Wangila akauliza. Alijua ni upuzi, lakini mguu ukazidi kucheza.

— Wanatua kidogo tu, akasema Rubani. Ndege inaweza kutua mahali popote palipo sawa.

— Yawa, Obiero, nyamaza! Nereah akasema, akitoa mandazi kwenye mafuta. Unamtia mtu mzima baridi bure. Hii kitu ni rahisi. Mimi hapa, mtu akinywa kahawa yangu vikombe kumi, cha kumi na moja namwachia bure. Si ndiyo?

— Ndiyo, wakaitikia. Hiyo waliijua vizuri.

— Sasa wewe Kilomita umeshakunywa kumi kwangu. Siku hiyo umeenda tembea Kibera, kule mtaa wa Lindi. Dada yangu Seline anapika kahawa Lindi. Unamwambia, Nereah amesema unipe cha kumi na moja. Anakupa, mimi na yeye tutajuana wenyewe. Basi hiyo ndiyo ndege ya rafiki.

Khamala akafikiri.

— Na nikienda kwa Mama Wamucii, hapo ng'ambo ya barabara?

— Huyo atakumwagia miguuni. Si tumekosana.

— Aha! Rubani akaruka. Na hao wazungu wakikosana leo usiku? Baba Sella ako juu, amekaa na tiketi ya watu waliokosana?

Wakacheka. Wangila alicheka nao, akasimama, akatazama upande wa stendi, akaketi tena. Ilikuwa mara ya nne. Nereah alikuwa akizihesabu.

— Baba Sella, akasema, umefika hapa saa tatu. Sasa inaenda saa nne na nusu. Suti umevaa, viatu umepaka rangi, pasipoti uko nayo, uliingojea miezi mitano. Basi za tao zimepita sita nikiangalia. Nini kimekushika kwa benchi langu?

Wangila akaikunjua barua. Nyuma yake kulikuwa na karatasi nyingine iliyopigwa chapa.

— Kuna fomu. Kampuni haimpi mtu yeyote tu hizo maili. Mpaka awe wa familia. Hapa wameuliza, huyu ni nani wako? Na Bwana Toliva ameandika *ndugu*. Ameandika kwa Kizungu, lakini ni hivyo. Akaniambia, Wangila, si tunaitana ndugu kila siku? Si tumekula meza moja Krismasi, tukaomba pamoja? Nami ni lazima niweke sahihi chini ya hilo neno, mbele ya karani.

Kisha Khamala akaipokea fomu na kuitazama kama jiwe la maili lililorudi barabarani.

— Hiyo si ngumu. Sema mama mmoja, baba tofauti.

— Baba tofauti sana, akasema Nereah.

— Ama sema mlizaliwa mapacha, akaongeza Khamala, huyo akakaa kivulini, wewe ukakaa juani.

— Watampima damu, akasema Rubani. Niliona Embakasi. Kuna chumba kina taa ya buluu. Damu ya kwao Bungoma ikiingia pale inalia kama king'ora.

— Damu zote ni nyekundu, wewe, akasema Nereah.

— Nyekundu, ndiyo, lakini ya mtu wa ugali ni nzito! Mashine inajua. Baba Sella, ungeacha ugali wiki mbili. Ungekula viazi na siagi, uanze kutembea na kaptura. Na jina! Usiseme Wangila. Sema Wangila Toliva.

— Mimi ni mzee wa kanisa, akasema Wangila, na sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. Kesho ninasimama mbele za watu kusoma Neno. Nitasimamaje, leo nimeweka sahihi kwenye uwongo? Kanisani ndugu ni ndugu, sawa. Lakini karani haulizi ya kanisani. Anauliza ya tumbo la mama.

— Mungu anajua moyo wako, akasema Nereah.

— Ndiyo shida yenyewe, mama. Anaujua.

Hapo alikuwa amekuja mwanamke mmoja na karai dogo kuomba makaa ya kuwashia jiko lake. Alikuwa Filister, mpangaji mpya wa vyumba vya nyuma, wiki ya pili tu mtaani. Alisimama akingoja Nereah amalize mandazi, na kwa kuwa wanaume wale hawakujua kuongea chini, alikuwa amesikia yote, kuanzia mawe ya Naivasha mpaka taa ya buluu.

— Samahani, akasema. Mimi ni mgeni, mtanisamehe. Huyo Sella amesema uende lini?

Khamala akamtazama Nereah, Nereah akamtazama Wangila. Asubuhi nzima walikuwa wamepima anga, damu na mawe, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za huyo binti.

— Kwani ni lazima aseme? Khamala akajaribu. Ni baba yake.

— Nauliza tu, akasema Filister. Akibisha mlango kule, nani atamfungulia?

Mguu wa Wangila ulikuwa umetulia. Ndipo alipoona kwamba umetulia, na akaogopa. Maneno aliyokuwa ameyakalia miaka miwili yakaja yote kwa pamoja, na hakuwa na nguvu ya kuyazuia.

— Hajui, akasema. Hajui kama ninaenda. Hajui hata kama ningali hai.

— Baba Sella! akasema Nereah. Si kila Jumapili ukiulizwa unasema mtoto hajambo, anawasalimia?

— Nasema. Na ni uwongo. Miaka miwili iliyopita aliniandikia ana mtoto, mvulana. Hakuna harusi, na huyo mwanamume alishaenda zake. Akasema, baba, amechukua paji la uso lako, nikuletee umwone? Mimi nilikuwa nimechaguliwa mzee wa kanisa mwezi huo huo. Niliiweka barua ndani ya kitabu cha nyimbo, nikafunga kitabu. Akaandika tena. Sikujibu. Ya tatu alikuja kuandika namba ya simu ya bweni lao tu, akaipigia mstari mara mbili. Baada ya hiyo akaacha.

Andazi moja likaungua, Nereah hakuligeuza.

— Nimekaa hapa tangu saa tatu nikipigana na hilo neno la fomu, Wangila akaendelea. Nikadhani ni dhamiri. Kumbe nilikuwa nashika dhambi ndogo mbele ya uso wangu, nisione ile kubwa iliyokaa nyuma yake. Mungu anisamehe. Bwana Toliva ananiita ndugu na anatoa jasho lake la miaka ili nimwone mwanangu, nami huyo mwanangu nimemkana mbele za watu kwa kusema hajambo.

Filister akaweka karai chini.

— Baba, mimi sikutaka…

— La, mama. Umeuliza vizuri.

Akasimama, na safari hii hakuketi tena. Akaikunja barua pamoja na fomu, akazitia mfuko wa ndani. Kisha akageuka kushoto.

— Stendi ya tao ni huku! Khamala akapaza sauti. Baba Sella, unapotea!

— Naenda Lavington.

— Lavington kufanya nini? Ofisi inafungwa saa sita na nusu! Ukienda huko kwa miguu ni nusu saa, na kurudi nusu saa, na basi bado. Kiti kitaenda!

— Kuna simu pale nyumbani kwa Bwana Toliva, kwenye meza ya ukumbini. Nimeipangusa vumbi kila asubuhi miaka sita, na sijawahi kuiweka sikioni. Leo nitamwomba niipige ile namba ya Sella.

— Lakini huko London sasa ni usiku wa manane, omera, akasema Rubani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na uhakika.

— Ni saa tatu kasorobo asubuhi, akasema Wangila bila kutazama saa yoyote. Siku zote najua ni saa ngapi kwake.

Akaanza kutembea, suti ikimbana mabegani, akikwepa maji ya mtaro. Nereah akatoka nyuma ya jiko na mwiko mkononi, akamfuata hatua chache.

— Na mtoto akikataa, Baba Sella? Akisema usiende?

Wangila hakusimama. Aligeuza kichwa tu.

— Basi nitakuwa nimesikia sauti yake.