Bi. Tabea Nanyaro na Kitabu cha Mifereji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Tabea Nanyaro, mhariri wa jarida letu la wakulima hapa Tengeru, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu.

Wengi wetu ametufundisha kazi. Makala ya mwenzake aliinyoosha kabla chai haijapoa. Ya kwake ndiyo iliyomshinda. Tangu ujana alitaka kuandika kitabu cha mifereji ya Meru: akina nani waliichimba, zamu za maji ziligawanywaje, mwizi wa maji alitozwa nini. Lakini alikulia katika Kimeru, na bosi mmoja wa zamani aliwahi kumwambia kwamba Kiswahili chake kina matope ya mlimani. Basi kila alipoketi kuandika alipanga meza, akafuta vumbi, akachemsha chai, kisha akauandika upya ukurasa wa kwanza. Tukamwita Mama Bado Kidogo. Alicheka pamoja nasi.

Wazee aliotaka kuwahoji hawakungoja. Alikwenda kuwazika vijijini, Akheri, Poli, Nkoaranga, akarudi na kuandika tena ukurasa uleule.

Akabaki Mzee Anande Kaaya, aliyekuwa msimamizi wa mfereji kijijini kwake, naye mapafu yakimsumbua. Bi. Tabea alimsomea ukurasa wake. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, mlango ni mzuri. Nyumba iko wapi?"

Alipojitetea kwamba bado anatafuta maneno mazuri, mzee alimkatiza: "Niletee mabaya. Hayo mazuri sitayafikia."

Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya soko, alipanda kwa mzee na kurasa mbichi. Mzee alibisha, akakohoa, akacheka. Kitabu kikakua.

Mwezi Machi mwaka jana Mzee Anande alifariki, ikiwa imebaki sura ya ukame. Bi. Tabea alitaka kuacha. Mjane, Bibi Anyesi, akamwambia, "Jumamosi uje. Na mimi nina masikio."

Kitabu kimetoka. Mzee hakukiona, na Bi. Tabea hapendi tumfariji kwa kusema vinginevyo. Katika sura ya mwisho, penye pengo, ameandika: "Hili sikuliuliza mapema, na sasa hakuna wa kumuuliza." Mchapaji alishauri sentensi hiyo iondolewe. Alikataa.

Asante, Bi. Tabea, kwa kitabu, na kwa sentensi hiyo. Mungu akupe afya na mapumziko mema. Sisi ambao bado tuna wazee nyumbani tumekuelewa.