Fundi wa Dari Aliyekataa Kubebwa

Tunayemsindikiza hapa leo aliitwa Fundi Dari na wateja wake, na mwishowe hata na sisi wa nyumbani. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa seremala, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba yake. Marehemu bibi alisimulia kuwa hakuwa mtoto wa kulia. Alilala chali akiitazama dari na kutabasamu, kana kwamba kuna mtu huko juu anamchekesha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1969. Hakuwa mbumbumbu, ila akili yake ilipenda kupaa. Mwalimu akiuliza swali, yeye ndiyo kwanza anateremka. Mwaka uliofuata alijiunga na fundi rangi mmoja mzee, akakabidhiwa brashi.

Alipaka dari za shule, za kumbi na za wodi. Wenzake walizikwepa, maana shingo huuma na rangi hudondoka machoni. Yeye alizigombea. Alisema ukikaa chini ya dari nyeupe muda wa kutosha, huioni tena, unabaki unaelea tu. Mzee aliyemfundisha kazi alimzoesha kubana pumzi kila brashi inapopita ukingoni, mkono usitetemeke, na mazoea hayo yalimkaa mwilini.

Tarehe 12 Desemba 1978 alifunga ndoa na muuza vitambaa aliyemwita kumpakia rangi dari ya duka. Kazi ya siku moja ilimchukua wiki nzima. “Dari yenyewe ndogo kama leso,” mama husema hadi leo. “Nikajua huyu hapaki, anatafuta mke.” Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Mama ni mwembamba, na kimo chake kilimfikia mumewe kifuani.

Tarehe 3 Machi 2009 jukwaa lilikatika akiwa juu, akaanguka na kuvunjika pingili mbili za mgongo. Alitoka hospitali akitembea kwa magongo, lakini kuinuka kitandani hakuweza. Kila asubuhi mkewe alimpitishia mikono kwapani na kumvuta. Siku moja alimsikia jikoni akigumia, ameshika kiuno. Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomwingia. Kukosa kazi hakukumtisha sana. Aliogopa kwamba mgongo wake uliovunjika ungeuvunja na wa mkewe.

Hospitali ilimwelekeza kwa mwalimu wa Pilates, mazoezi ya taratibu ya kulala mkekani, kupumua, na kuukunja na kuukunjua mgongo pingili kwa pingili. Alikwenda shingo upande. Kilikuwa chumba cha ghorofani chenye mapazia mepesi, na wanafunzi karibu wote walikuwa akina mama. Wiki nenda, wiki rudi, mwili ulibaki mkavu kama mlango. Ndipo mwalimu, binti mdogo kuliko watoto wake, akapiga magoti kando yake.

“Mzee, mbona unabana pumzi?”

“Nikipumua nitaharibu mstari.”

“Mstari gani tena, baba yangu? Hapa hujashika brashi!”

Darasa zima lilivunjika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka, na kwa kicheko kile hewa yote ikamtoka. Alitusimulia kuwa sakafu ilimpokea kama maji, na mgongo ukaanza kushuka polepole, kila pingili ikitafuta mahali pake. Alilia pale pale, wala hakuona haya kulisema. Haukuwa muujiza. Ilikuwa miezi ya kupumua, kujigeuza ubavu, kushindwa na kurudia. Kisha asubuhi moja mama aliamka akakuta nafasi tupu kitandani, na mumewe amesimama dirishani kwenye mwanga.

“Usije kunishika,” alimwambia. “Natazama tu nje.”

Mama alikaa palepale akalia kama mtoto.

Alirudi kwenye kazi nyepesi, sasa akipaka huku anapumua. Mteja akilalamika kuwa ukingo umepinda kidogo, alimjibu, “Haujapinda, uko hai.” Jioni alijilaza sebuleni na wajukuu, wote chali, wakisikiliza pumzi zao hadi mmoja aanze kukoroma. Mara nyingi alikuwa yeye.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Hakuacha mazoezi, ingawa mwishoni yalikuwa ya vidole vya miguu tu, macho yamefumbwa. Ukimuuliza yuko wapi, alisema, “Nipo, naelea kidogo.” Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 14 Mei 2024, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mke, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, dada yake mdogo, na mwalimu wake, ambaye tunamhesabu kuwa mtoto wa nyumba hii.

Agizo lake la mwisho lilikuwa moja: mama asiguse jeneza, asije akaumia kiuno. Jana tulimkumbusha. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta macho.

“Miaka yote hii amenikataza kumbeba,” alisema. “Kesho hana la kunijibu.”

Kwa hiyo mtamwona mbele, upande wa kushoto wa jeneza. Tafadhali, mtu asimpokee mzigo wake.

Pumzika kwa amani, Fundi Dari. Leo kubali tu.